Gazeti la Shule ni la Nani?

Makala iliyowatia hofu wakuu wa shule za Des Moines, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, haikupata kuchapishwa. Desemba 1965 mwanafunzi mmoja wa sekondari alimwambia mwalimu wake wa uandishi wa habari kwamba anataka kuandika juu ya vita vya Vietnam katika gazeti la shule. Wakati huo vijana kadhaa mjini humo walikuwa wakipanga kuvaa vitambaa vyeusi mikononi, kuwaomboleza waliokufa vitani na kuunga mkono wito wa kusitisha mapigano msimu wa Krismasi. Wakuu wa shule wakaitana, wakakutana tarehe 14 Desemba, wakatoka na amri: atakayekuja na kitambaa ataambiwa akivue, na akikaidi atarudishwa nyumbani. Kijana mwenye makala alishawishiwa aiache. Akaiacha.

Vitambaa ndivyo vilivyoingia katika historia. Mary Beth Tinker, binti wa miaka 13, kaka yake John wa miaka 15 na rafiki yao Christopher Eckhardt walivivaa, wakasimamishwa masomo, na shauri lao likapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 24 Februari 1969, kwa kura saba dhidi ya mbili, majaji waliwapa haki. Jaji Abe Fortas, aliyeandika hukumu, alisema mwanafunzi haachi haki zake za kikatiba kwenye lango la shule. Anaweza kunyamazishwa tu ikiwa maneno yake yanavuruga masomo kwa kiasi kikubwa au yanaingilia haki za wenzake. Ndani ya hukumu hiyo hiyo Fortas alidokeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: kikao kilichozaa amri kiliitishwa kwa sababu ya mwanafunzi aliyetaka kuandika gazetini. Alilidokeza, kisha akarudi kwenye vitambaa.

Hivyo shauri ambalo wanasheria wa Marekani hulitaja kila haki za wanafunzi zinapozungumzwa lilianzia kwenye gazeti, likaamuliwa juu ya kitambaa, na gazeti likabaki bila jibu. Si ajabu. Kitambaa ni mali ya mvaaji. Gazeti la shule linachapwa kwa fedha za bodi, linasimamiwa na mwalimu anayelipwa mshahara, mara nyingi linaandaliwa ndani ya kipindi kilichomo kwenye ratiba, na jina la shule linakaa juu kwa herufi kubwa. Anayeandika ni mtoto wa miaka 16. Sasa gazeti hilo ni la nani? Wamarekani wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, na mpaka leo jibu linategemea mtoto anasoma upande gani wa mpaka wa jimbo.

Magazeti yenyewe yalitangulia ugomvi. The Students Gazette, lililoandikwa kwa mkono na wanafunzi wa Philadelphia mwaka 1777 huku vita vya uhuru vikiendelea, hutajwa kuwa la kwanza la aina yake nchini humo. Kufikia miaka ya 1920 uandishi wa habari ulikuwa somo katika shule nyingi, na vyama vya kuwatia moyo waandishi chipukizi vikaanza kuundwa. Kimojawapo, Quill and Scroll, kilianzishwa Iowa mwaka 1926 na George Gallup, yule yule aliyekuja kuvuma kwa kura zake za maoni. Kelele zilikuwa chache, kwa sababu kurasa zilijaa matokeo ya mechi, sherehe za kuhitimu na wasifu wa mwalimu mgeni. Msomaji aliyepitia sekondari za Afrika Mashariki atalikumbuka gazeti la ukutani: insha mbili, shairi, vichekesho, na mwalimu mlezi wa klabu aliyepitisha kalamu nyekundu kabla halijabandikwa. Nani angekwenda mahakamani kwa ajili ya vichekesho?

Vietnam ilibadilisha mambo. Mwaka 1967 wanafunzi wa sekondari ya New Rochelle, jimbo la New York, walitaka kulipia tangazo la kupinga vita katika gazeti lao la shule. Mkuu wa shule alikataa: gazeti ni la mambo ya shule, vita si jambo la shule. Jaji wa shirikisho alifungua matoleo ya nyuma akakuta gazeti hilo hilo lilishaandika habari za vita na za vijana kuandikishwa jeshini. Kama vita vinaruhusiwa kwenye habari, kwa nini visiruhusiwe kwenye tangazo? Wanafunzi walishinda mwaka 1969, miezi michache baada ya uamuzi wa Tinker.

Wengine hawakungoja ruhusa ya mtu. Januari 1968, mjini Joliet, Illinois, wanafunzi wawili walitengeneza jarida lao nje ya shule, wakaliita Grass High, wakauza nakala 60 kwa senti 15 kila moja. Ndani yake waliubeza uongozi wa shule bila kuuma maneno. Walifukuzwa. Miaka miwili baadaye mahakama ya rufaa iliamua kwamba shule haikuonyesha kuwa nakala hizo 60 zilivuruga chochote. Hapo ndipo jambo la kushangaza lilipoanza kujitokeza, nalo halijaondoka: kijana aliyechapa mambo yake kienyeji, bila mwalimu wala mhariri, alikuwa na kinga iliyo wazi kuliko mwenzake aliyeketi darasani akijifunza kuhakiki habari.

Mwaka 1974 tume iliyoundwa na taasisi ya kumbukumbu ya Robert F. Kennedy ilichapisha ripoti juu ya hali ya magazeti ya sekondari, ikaiita Captive Voices, yaani sauti zilizotekwa. Ripoti ilikuta udhibiti umeenea kila mahali, na kilichowasikitisha zaidi waandishi wake ni kwamba watu waliuzoea. Walimu walikata habari kabla mkuu hajaziona. Wanafunzi walizikata kabla mwalimu hajaziona. Mwaka huo huo ukaanzishwa Student Press Law Center, kituo cha kuwapa waandishi wa shuleni msaada wa kisheria bila malipo. Mwaka 1977 California ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria iliyosema kwamba yaliyomo katika gazeti la shule yataamuliwa na wanafunzi wahariri, isipokuwa matusi ya ngono, kashfa, na uchochezi wa uhalifu au wa vurugu shuleni.

Jibu la Mahakama ya Juu lilitoka katika kitongoji cha St. Louis, jimbo la Missouri.

Sekondari ya Hazelwood East ilikuwa na gazeti liitwalo Spectrum, lililoandaliwa na darasa la uandishi wa habari na kutoka takriban kila wiki tatu. Mwaka wa masomo wa 1982–83 lilisambaza nakala zaidi ya 4,500 kwa wanafunzi, watumishi wa shule na wakazi wa jirani. Kila Septemba, katika toleo la kwanza la mwaka, lilichapisha tamko kwamba kama chombo cha wanafunzi linajihesabu kuwa na haki zote zinazotokana na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari. Sera ya bodi ya shule nayo iliahidi kutozuia uhuru wa maoni ndani ya kanuni za uandishi wa kuwajibika. Kwenye karatasi, basi, kila mtu alikubaliana na kila mtu.

Mwalimu aliyelisimamia darasa hilo, Robert Stergos, aliacha kazi mwishoni mwa Aprili 1983, mwaka wa masomo ukiwa karibu kwisha. Nafasi yake ikashikwa na Howard Emerson. Tarehe 10 Mei, kwa kufuata utaratibu wa siku zote, Emerson alimpelekea mkuu wa shule, Robert Reynolds, kurasa za prufu za toleo lililotakiwa kutoka tarehe 13.

Reynolds alikwama kwenye makala mbili. Moja ilieleza maisha ya wasichana watatu wa shule hiyo waliopata mimba. Majina yao yalikuwa yamebadilishwa, lakini mkuu aliona kwamba katika shule moja wasichana hao wangetambulika tu, na kwamba mazungumzo ya ngono na uzazi wa mpango hayakuwafaa wanafunzi wa miaka 14. Ya pili ilihusu watoto ambao wazazi wao wametalikiana. Ndani yake msichana aliyetajwa kwa jina alimlalamikia baba yake, na baba hakuwa amepewa nafasi ya kujibu. Mkuu hakujua kwamba Emerson alikuwa ameshaliondoa jina hilo.

Kwa haki yake, Reynolds hakuwa mtu wa kuona mizimu. Baba anayeshutumiwa gazetini apewe nafasi ya kusema: mhariri yeyote wa chumba cha habari anayeijua kazi yake angedai hilo hilo. Tofauti iko katika kilichofuata. Mhariri angemwita mwandishi, angemwambia apige simu, afute aya, arudi jioni. Reynolds aliamini muda hautoshi na kwamba gazeti likichelewa halitatoka kabla shule haijafungwa. Akaona mbele yake njia mbili tu: gazeti la kurasa nne badala ya sita, au lisitoke kabisa. Akaamuru kurasa mbili nzima ziondolewe. Pamoja na makala mbili alizozitilia shaka zikaenda nyingine nne, za ndoa za utotoni, watoto wanaotoroka nyumbani, vijana wahalifu na mimba kwa ujumla, ambazo yeye mwenyewe alikiri baadaye mahakamani hakuwa na tatizo nazo. Kosa lao lilikuwa kupangwa ukurasa mmoja na zile mbili.

Wanafunzi hawakuambiwa. Walijua gazeti lilipofika.

Cathy Kuhlmeier, Leslie Smart na Leanne Tippett, watatu kati ya waliolifanyia kazi toleo hilo, walifungua kesi. Mahakama ya kwanza iliwakatalia mwaka 1985. Mahakama ya rufaa iliwapa ushindi mwaka 1986, ikisema Spectrum lilikuwa uwanja wa maoni ya wanafunzi, si daftari la mazoezi tu. Bodi ya shule ikapanda juu. Kesi iliposikilizwa Oktoba 1987 kiti kimoja cha Mahakama ya Juu kilikuwa kitupu: Jaji Lewis Powell alikuwa amestaafu, na mgombea wa kwanza wa kumrithi, Robert Bork, alikuwa karibu kukataliwa na Seneti. Majaji wanane waliobaki walitoa uamuzi tarehe 13 Januari 1988. Watano walikuwa upande wa shule, watatu upande wa wanafunzi. Wasichana waliokuwa wakihariri mwaka 1983 walikuwa wameshamaliza sekondari zamani.

Jaji Byron White, aliyewaandikia walio wengi, alifanya kile ambacho Fortas hakukifanya: alifungua daftari la hesabu. Uchapaji wa Spectrum mwaka ule uligharimu dola 4,668.50. Mauzo yaliingiza dola 1,166.84, yaani robo. Kilichobaki, pamoja na vifaa, vitabu na sehemu ya mshahara wa mwalimu, kilitoka kwa bodi. Mwalimu ndiye aliyewateua wahariri, aliyepanga tarehe na idadi ya kurasa, aliyegawa kazi. Kwa White, hayo yalitosha kuonyesha kwamba gazeti ni sehemu ya mtaala na shule ndiyo mchapishaji. Kumvumilia mwanafunzi anayesema yake ni jambo moja, alieleza. Kulazimishwa kuyapa maneno hayo jina na fedha za shule ni jambo jingine. Kwa hiyo shule inaweza kuhariri chochote inachokidhamini, mradi sababu yake ihusiane kwa busara na malengo halali ya elimu.

Hoja kwamba mwenye mtambo ndiye mwenye neno haikuzaliwa Missouri. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililotolewa na shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, lilichapwa pale pale shuleni, na waliolisoma hawakuhitaji hakimu wa kuwaeleza neno la mwisho lilikuwa la nani. Lakini Tanga ya mkoloni haikuwa na katiba iliyowaahidi wanafunzi chochote. Missouri ilikuwa nayo.

White hakuishia kwenye siri za wasichana watatu. Aliorodhesha mambo ambayo shule inaweza kuyakataa: makala yenye sarufi mbovu, iliyotafitiwa ovyo, yenye upendeleo, isiyofaa kwa umri wa wasomaji, hata ile inayoweza kuonekana kuiondoa shule katika kutokuwa na upande kwenye mabishano ya kisiasa. Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Ni habari gani yenye uzito isiyogusa mabishano? Bajeti ya bodi ni mabishano. Kocha aliyefukuzwa ni mabishano. Chakula cha mchana, siku nyingine, ni mabishano.

Jaji William Brennan, akiungwa mkono na Thurgood Marshall na Harry Blackmun, alipinga kwa ukali ambao bado unasomeka. Mkuu alipinga sehemu za makala mbili, alisema, akaondoa makala sita. Angeweza kuandika kanusho, kufuta sentensi, kupanga kurasa upya, lakini alichagua mashine ya kukatakata karatasi. Aliona shule inaomba mamlaka ya kuwa polisi wa mawazo. Vijana wa Hazelwood East, aliandika akimalizia, walitarajia somo la uraia, ila si hili walilofundishwa na mahakama.

Baada ya 1988 ramani ilianza kupasuka. Katiba ya shirikisho ni kiwango cha chini, na jimbo likitaka linaweza kutoa zaidi. Massachusetts ilitunga sheria yake mwaka huo huo. Iowa, nyumbani kwa vitambaa vya Tinker, ilifuata mwaka 1989, Colorado 1990, Kansas 1992, Arkansas 1995. Kisha kukawa kimya kirefu mpaka Oregon mwaka 2007. Msukumo mpya ulitoka pasipotarajiwa: North Dakota, mwaka 2015, ambako rasimu ya muswada ilianzia katika darasa la chuo kikuu kidogo cha Jamestown. Kampeni iliyotokana na ushindi huo inaitwa New Voices. Illinois na Maryland zilijiunga mwaka 2016, Vermont, Nevada na Rhode Island 2017, Washington 2018, New Jersey 2021, Hawaii 2022, West Virginia 2023, Minnesota 2024. Magavana waliotia saini wametoka vyama vyote viwili, jambo ambalo nchini humo siku hizi si dogo.

Sheria hizo hufanana. Mwanafunzi ndiye anayeamua kitakachochapishwa, awe anatumia fedha za shule au la. Kashfa, kuingilia faragha ya mtu bila sababu, matusi ya ngono na uchochezi vinabaki nje ya kinga. Nyingi zinasema wazi kwamba kilichoandikwa na mwanafunzi si kauli ya shule, na shule haitabeba dhima yake. Hivyo ndivyo zinavyoikwepa hesabu ya White: bodi inalipa, kama inavyolipia maktaba, bila kuwa ndiyo inayosema. Nyingine zinamlinda pia mwalimu mlezi, kwa sababu wakuu wa shule waligundua mapema kwamba kumhamisha mwalimu ni kazi rahisi kuliko kukata makala. California iliongeza kinga hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2009.

Hata bila sheria za majimbo, hukumu ya 1988 haikuwa fimbo isiyovunjika. New Jersey, mwanafunzi wa shule ya kati aliandika tahakiki za filamu mbili, Mississippi Burning na Rain Man. Shule ilizizuia mwaka 1989 kwa sababu filamu hizo ziliwekewa alama ya R, yaani kijana wa chini ya miaka 17 azitazame akiwa na mtu mzima tu. Mwaka 1994 mahakama ya juu ya jimbo iliona shule haikuwa na sera ya maana kuhusu jambo hilo, na kijana akashinda. Kesi ya Utica, Michigan, ina uzito zaidi. Mwaka 2002 mwandishi wa gazeti la shule, The Arrow, aliandika juu ya wanandoa waliokuwa wameishtaki wilaya ya shule kwa moshi wa dizeli kutoka kwenye gereji ya mabasi iliyopakana na nyumba yao. Viongozi walisema makala haina uhakika, wakaizuia. Mwaka 2004 jaji wa shirikisho aliisoma, akaona ni kazi nzuri ya uandishi, na akabaini kwamba gazeti hilo lilikuwa limeendeshwa na wanafunzi bila kuingiliwa. Wilaya ilikuwa ikijaribu kuzuia habari inayoihusu wilaya.

Katika hali kama hizo, sababu za kielimu huwa vazi tu. Mkuu wa shule anayekagua kurasa mara nyingi ndiye anayeandikwa humo, au bosi wake, au bajeti yake. Hakuna bunge ambalo lingekubaliwa kuhariri habari zinazolihusu lenyewe, walau hadharani.

Pittsburg, Kansas, ni mji mdogo ulio kilomita chache kutoka mpaka wa Missouri. Mwaka 2017 sekondari yake iliajiri mkuu mpya, na wanafunzi wa gazeti la Booster Redux wakapewa kazi ya kawaida kabisa ya kuandika wasifu wake. Walipotafuta chuo alichosema kilimpa shahada za uzamili na uzamivu, kiitwacho Corllins, tovuti yake haikufanya kazi. Wakachimba zaidi. Hawakupata ushahidi kwamba chuo hicho kilikuwa na ithibati inayotambulika. Walimhoji mhusika kwa simu, majibu hayakulingana. Tarehe 31 Machi walichapisha. Tarehe 4 Aprili mkuu huyo alijiuzulu, kabla hajaanza kazi. Watu wazima waliomwajiri walikuwa wamepita juu ya jambo hilo hilo. Kansas ilikuwa na sheria tangu 1992, na mkurugenzi wa elimu wa wilaya aliwaacha wanafunzi waendelee. Upande wa pili wa mpaka, bodi ingeweza kusema haipendi upendeleo katika gazeti la mtaala, na mahakama ingeisikiliza kwa makini.

Lakini sheria haijipigii kengele yenyewe. Springdale, Arkansas, mwaka 2018, wanafunzi wa gazeti la Har-Ber Herald walichunguza kwa nini wachezaji wa timu yao ya soka ya Kimarekani walihamia shule pinzani ya mji huo huo. Barua za uhamisho zilitaja sababu za masomo. Wachezaji wenyewe waliwaambia waandishi habari za mpira. Wilaya ikaamuru makala iondolewe kwenye tovuti, kisha gazeti likasimamishwa. Sheria ya jimbo ilikuwa na umri wa miaka 23. Ilihitaji kelele za vyombo vya habari vya taifa ndipo, mwanzoni mwa Desemba, wilaya ikarudi nyuma. Vermont mambo yalikwenda upesi: Septemba mwaka huo, mkuu wa sekondari ya Burlington aliamuru iondolewe habari kuhusu mtumishi wa shule aliyekabiliwa na mashtaka mbele ya wakala wa leseni wa jimbo, nyaraka zikiwa za umma. Sheria ya New Voices ilikuwa na mwaka mmoja tu, bado mbichi vichwani mwa watu. Makala ilirudi ndani ya siku chache.

Nebraska haina sheria hiyo. Northwest, sekondari ya umma mjini Grand Island, ilikuwa na gazeti liitwalo Viking Saga, lenye zaidi ya miaka 50. Majira ya kuchipua ya 2022 waandishi waliamriwa kutumia majina waliyozaliwa nayo, amri iliyowagusa hasa wanafunzi waliobadili jinsia. Mei walitoa toleo lililokuwa na makala za maoni na historia kuhusu watu wa jamii ya LGBTQ. Siku tatu baadaye walielezwa kwamba gazeti limefutwa. Mwanafunzi mmoja wa zamani na chama cha magazeti ya sekondari cha jimbo walishtaki mwaka 2023. Jaji aliitupa kesi kwa hoja kwamba walalamikaji hawakuwa na msimamo wa kisheria wa kudai, mmoja wao akiwa ameshahitimu, ingawa aliwaonya viongozi wa shule kwamba kubana maoni kwa sababu ya mwelekeo wake kunaweza kuvunja katiba. Sekondari ya Marekani ni miaka minne. Ile kesi ya Spectrum ilichukua karibu mitano. Anayeshitakiwa akiwa na subira, saa inamfanyia kazi.

Simu za mkononi zimeupindua mchezo bila kuumaliza. Mwaka 2021, katika kesi ya msichana wa Pennsylvania aliyetukana timu ya washangiliaji kwenye Snapchat mwishoni mwa wiki, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura nane dhidi ya moja kwamba shule haikuwa na haki ya kumwadhibu. Ajabu ile ya Grass High imerudi kwa sura mpya: kwa sheria ya shirikisho, tusi lililotumwa kutoka dukani siku ya Jumamosi lina kinga kubwa kuliko makala iliyohakikiwa na wahariri watatu na kupelekwa kwa mkuu siku ya Jumatatu.

Missouri yenyewe haimo katika orodha ya majimbo yaliyobadilika. Muswada uliopewa jina la Walter Cronkite, mtangazaji maarufu wa CBS aliyezaliwa St. Joseph katika jimbo hilo, umewasilishwa bungeni mara kadhaa, ukipata wafuasi wa vyama vyote na kukwama njiani. Kufikia mwisho wa 2024 haukuwa sheria, na wahariri wa sekondari za umma jimboni humo, Hazelwood East wakiwemo, walikuwa bado wanatawaliwa na hesabu ya Byron White.